Balkoni Yetu Imegeuzwa Sare

Jumanne, mwezi wa saba. Baridi ya kuvaa sweta mbili na bado vidole vinagoma kushika sindano. Mlima Meru hatujauona tangu wiki iliyopita. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba ya jirani hapa Sekei, na nguo nilizofua Jumapili bado ziko kwenye kamba, mbichi vilevile kama zilivyotoka kwenye beseni.

Shajara, leo nina hasira. Nakuambia mapema usije ukadhani nimekuja kukusimulia habari za baridi.

Wamechukua balkoni yetu wameigeuza sare.

Ngoja nianzie mwanzo, maana najua wapo wanaokusoma hapa mtandaoni ambao hawatujui. Mimi ni fundi cherehani, nina kijiduka changu Kijenge. Nashona magauni ya harusi, sare za kwaya, na siku ambazo kazi hakuna nabadilisha zipu za suruali za watu. Mume wangu namwita Baba Aika, naye ananiita Mama Aika, kwa jina la binti yetu wa kwanza. Alikuwa dereva wa watalii. Alistaafu baada ya mgongo kukataa kabisa. Maisha yake ya kazi yameishia kwenye vumbi la Serengeti na Ngorongoro, akiendesha gari la paa la kufunguka, akiwaonyesha watu simba ambao yeye alishachoka kuwaona. Watoto tunao wawili. Aika ni mhasibu, yuko Dar. Mdogo wake, Godlisten, ni nesi Ujerumani.

Mwaka huu ndoa yetu inatimiza miaka thelathini na mitano. Sisi watu wa Kilimanjaro jubilei ya ndoa hatuifanyii mchezo. Lazima ibada, lazima ukumbi, sare, keki, ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, kasimamishwa mezani na majani mdomoni, na MC anayejifanya anaujua ukoo kuliko wenye ukoo. Watoto walituuliza mapema: mnataka sherehe au mnataka zawadi? Baba Aika akajibu kabla yangu, na hilo peke yake lilinishangaza. Akasema sherehe hapana, hana hamu ya kukaa mbele za watu akitazamwa anavyokula keki.

Ndipo Godlisten akaja na wazo la meli. Siyo boti ya kwenda Zanzibar, hapana. Meli ya kitalii, ghorofa zima linaelea, watu wanalala humo, wanakula humo, wanaogelea humo humo ndani wakati bahari yote ipo nje. Inaondoka Durban, inapita pwani ya Msumbiji, inarudi. Alitutumia picha kwenye simu. Mimi nilitazama chakula. Baba Aika alivaa miwani, akaisogeza simu karibu, akaipeleka mbali, akatazama picha za vyumba moja baada ya nyingine. Halafu akauliza swali moja tu.

"Hicho chumba kina mlango wa kutokea nje?"

Godlisten akamweleza kwamba vyumba vipo vya namna mbili. Kuna vya ndani, katikati ya meli, ambavyo havina hata dirisha, ni kitanda na ukuta. Na kuna vya pembeni vyenye balkoni, viti viwili na kimeza, ukifungua mlango bahari hiyo hapo. Vya balkoni vina nyongeza. Baba Aika akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasema, "Basi nikipata cha mlango wa nje nitashukuru."

Ni lazima umjue huyu mtu ndipo uelewe kwa nini moyo wangu ulishtuka. Baba Aika haombi kitu. Mpe chai uliyosahau kutia sukari, anakunywa. Mkatie suruali fupi, anasema inapitisha hewa. Neno lake ni "sawa tu". Kuna siku tulimsahau kanisani mvua inanyesha, tukamkuta amesimama chini ya upenu amelowa mpaka soksi, na alichotuambia ni sawa tu, alikuwa anaangalia watu. Sasa mtu wa namna hiyo akikwambia anataka balkoni, wewe unasimama unakwenda kuitafuta.

Godlisten akalipa kianzio. Kilichobaki kikawa cha kuchangwa na ndugu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu sisi hatuwezi kuchanga bila kuunda kamati. Hata ingekuwa ya kununua ndoo, tungechagua mwenyekiti. Basi mwenyekiti akawa wifi yangu Ndeshi, dada yake Baba Aika anayemfuata. Aika wangu akawa katibu na mweka hazina kwa pamoja. Wakafungua grupu kwenye simu, wakaweka picha yetu ya harusi. Mimi na mume wangu hatukuingizwa. Wahusika hawaingizwi, wakasema, ili msione siri. Nikacheka nikaendelea na zipu zangu.

Jana wifi Ndeshi akaja dukani na bodaboda, amepakia majora ya kitenge, cha zambarau chenye maua ya njano. Kizuri, sitakataa. Kizito, hakichuji, ni cha kuvaa miaka. Akaniambia ni sare. Nikamuuliza sare za nini, si tulikubaliana hakuna sherehe? Akasema siyo sherehe, ni kuwaaga tu. Eti wazazi hawawezi kusafiri safari kubwa hivyo kimyakimya kama waliofukuzwa mjini. Kaukumbi kadogo, ka-MC kadogo, ndafu mmoja. Na sare nimshonee nani mwingine, wakati fundi yumo ndani ya ukoo.

Nikazidiwa. Nikafikiri, haya, watu wanatupenda, wacha wafurahi kidogo. Jioni nikakata shati la Baba Aika. Kwangu kila sare naanza na ya kwake, hata futi sihitaji, mabega yake nayajua kwa macho.

Leo asubuhi wifi amerudi kupimwa. Anataka gauni la mkia, la kubana mapajani halafu lifunguke chini. Kwa umri wetu. Nikazungusha futi kiunoni, na katika kumzungumzisha ili asijisikie vibaya na ile namba niliyoiona, nikamuuliza jamani haya yote mmeyapata wapi, vitenge, ukumbi, MC.

"Si ile ya balkoni," akasema.

Nikamwambia balkoni gani.

"Ya meli, wifi. Tulikaa kwenye kamati tukaona ni hasara ya bure. Chumba ni cha kulala, siyo cha kukaa. Tukawachukulia cha ndani, kilichobaki ndiyo hivi vitenge, na ukumbi tumeshaanza kuongea nao."

Aliongea kwa raha kabisa, mikono ameinua juu ili nimpime vizuri. Hakuwa ananificha. Alifikiri nitampongeza.

Nikamuuliza, kaka yako anajua? Akasema ndiyo, alimpigia yeye mwenyewe. Alimwambia kaka, cha ndani si kinatosha, na kaka akajibu sawa tu.

Sawa tu!

Mtu anayesema sawa tu akiwa amelowa mpaka soksi, ndiye mliyemuuliza kwa simu, kwa swali ambalo jibu mmeshalitia ndani? Na mkapiga kura juu ya hilo? Nilikunja futi nikaiweka mezani. Nikamwambia wifi siku ya leo vidole vimekufa ganzi kwa baridi, namba nimeshindwa kusoma, aje kesho. Ningeendelea kumpima ningembana.

Alipotoka nikampigia Aika. Nilitegemea binti yangu atashtuka. Akanitolea hesabu. Mama, meli ni ileile. Chakula ni kilekile. Aliyelala ndani na aliyelala nje wanafika pamoja. Unalipa nyongeza yote hiyo ili uone maji, na maji yako juu kwenye sitaha, unapanda unayaona bure na kiti unapewa. Tena baridi ya baharini na mgongo wa baba, siyo vizuri. Halafu akamalizia, "Na shangazi alisema baba ameafiki."

Hapa niwe mkweli, Shajara, maana ukweli ndio niliokufungulia. Kwa hesabu, Aika hajakosea. Mimi ni mtu wa kuokota uzi sakafuni na kuuzungusha tena kwenye bobini. Bahari yenyewe naiogopa. Ingekuwa ni safari yangu peke yangu ningelala hicho chumba cha ndani, tena ningeshukuru hakuna dirisha la kunionyesha kilichopo chini yangu. Mtu akiniuliza kama balkoni ina thamani ya nyongeza yake, kwa mimi jibu ni hapana. Viti viwili na kimeza, hata kibarazani kwangu vipo.

Nilikaa dukani nikijaribu kuipoza hasira kwa maneno hayo. Nikashona pindo moja, nikalifumua. Nikafunga duka nikaja nyumbani.

Baba Aika alikuwa kibarazani, amevaa koti lake la kazi la zamani, anatazama kule ambako mlima ungekuwepo. Hilo ndilo jambo lake siku hizi. Asubuhi anatoka na kikombe, anakaa, anasubiri ukungu uondoke, na mlima ukijitokeza hata kwa dakika chache ananiita nije nione, kana kwamba sijawahi kuuona. Nikakaa kiti cha pembeni. Nikamwambia yote. Kamati, vitenge, ukumbi, gauni la mkia, chumba cha ndani.

Kisha akasema, "Acha tu, Mama Aika. Chumba cha ndani nimeshazoea."

Kilichonichoma ni hilo neno la mwisho.

Kwa sababu hapo hapo niliukumbuka usiku mmoja ambao sijawahi kuuandika, na kwa kweli nilishausahau. Watoto walikuwa wadogo, tuliwaacha kwa bibi yao. Baba Aika alikuwa anapeleka gari tupu kwenye loji moja ukingoni mwa kreta, kuwasubiri wageni watakaokuja kwa ndege. Bosi akamruhusu anichukue. Nilivaa gauni langu zuri. Nilidhani nakwenda kulala kwenye zile picha za kalenda.

Tuliingilia mlango wa nyuma. Chumba cha madereva kilikuwa nyuma ya sehemu ya kufulia, ukuta kwa ukuta na jenereta. Vitanda vinne, ukuta wa matofali ya saruji, na badala ya dirisha kuna tundu karibu na dari la kupitishia hewa, na hewa yenyewe ni moshi wa dizeli. Wenzake wawili, kwa heshima yangu, walikwenda kulala kwenye magari. Kitanda kilitetemeka na ile jenereta mpaka ilipozimwa. Hakulalamika, alinipa blanketi lake, akaniambia ukilala upande wa ukuta mtetemo unapungua.

Asubuhi alinipeleka nikaone vyumba vya wageni kabla hawajafika. Dada wa usafi alikuwa anafahamiana naye, akatufungulia kimoja. Kitanda cheupe, pazia zito, na nyuma ya pazia mlango wa kioo, na nje ya kioo balkoni yenye viti viwili. Akanifungulia nikatoka. Kreta yote ilikuwa chini yangu imejaa mawingu. Nikamwita aje aone. Akabaki ndani, pembeni mwa zulia, ameshika viatu mkononi.

Akaniambia, "Mimi huwa naishia hapa. Naweka mabegi, nawafungulia, naaga."

Nikadhani anatania. Lakini ilikuwa ni amri ya pale: dereva haingii balkoni ya mgeni. Na siku hiyo wageni hawakuwepo, bosi hakuwepo, dada wa usafi alikuwa ametupa mgongo, na bado hakutoka. Kwa miaka yote hiyo amewafungulia watu milango ya balkoni, halafu ameshuka kwenda kulala na jenereta.

Na sasa binti yake na dada yake wamekaa kikao, wakakubaliana kwa kauli moja, wakamtafutia chumba kisicho na dirisha. Tena wakampigia simu ili aseme sawa tu. Tena wakaniletea mimi mkewe kitenge nikikate.

Niliinuka pale kibarazani bila hata kumalizia chai. Nilimpigia Godlisten nikiwa njiani. Alikuwa kazini, akajificha sijui wapi, nikasikia mwangwi kama yuko chooni. Maskini hakujua. Aliambiwa baba mwenyewe amekataa balkoni, anaogopa upepo. Upepo! Mtu aliyeendesha gari la paa wazi maisha yake yote. Godlisten akasema vyumba vya balkoni bado vipo vichache, lakini watu wa meli wanafunga kubadilisha kesho mchana, na kwamba atajikaza aongeze yeye. Nikamwambia hutaongeza hata senti moja. Hela ya balkoni ipo, imevaa maua ya njano, nakwenda kuivua.

Nikapita dukani Kijenge, nikabeba majora, nikachukua bodaboda mpaka Ngarenaro, kwa Baba Swalehe. Ndiye aliyemuuzia wifi. Mimi ni mteja wake wa miaka, uzi na bitana nachukua kwake. Kaniona naingia nimekumbatia kitenge akajua. Akaniwahi kabla sijakaa.

"Mama Aika, kitu kikishatoka dukani hakirudi. Wewe ni fundi, hilo sina haja ya kukukumbusha."

Nikamwambia najua. Nikamwambia pia hakijakatwa, isipokuwa shati moja. Akafungua jora akaanza kulipima kwa fimbo yake ya mita, taratibu, huku ananiuliza kulikoni, harusi imevunjika? Nikamsimulia. Sikupanga kumsimulia yote, lakini hasira ilikuwa inatoka yenyewe, nikamwambia mpaka habari ya viatu mkononi. Wateja wawili waliokuwa wanachagua madera wakaacha kuchagua. Mmoja akasema jamani wanaume wengine wana subira.

Baba Swalehe akamaliza kupima. Akakunja kitambaa, akakirudisha kwenye rafu pale pale kilipokuwa. Akasema ningekuwa nimekata magauni asingenisikiliza hata kidogo. Lile la shati akanitoza, haki yake. Akanirudishia kilichobaki, halafu akaniambia, "Wifi yako akija hapa kunigombeza, nitamwelekeza kwako. Mimi sitaki kesi za ukoo."

Kufika saa kumi jioni Godlisten alikuwa ameshatumiwa hela hiyo, pengo la shati nimelijazia kwa hela ya zipu, na yeye ameshabadilisha chumba. Akanitumia picha ya uthibitisho. Sikuelewa kilichoandikwa, ila neno balkoni nililiona.

Halafu simu zikaanza.

Wifi Ndeshi alikuwa wa kwanza. Amenisema, na mimi nimemsema. Eti nimemdhalilisha, watu wameshaambiwa, MC ameshapewa majina ya watoto. Eti nina makuu siku hizi, kwa sababu mtoto yuko Ulaya. Eti kaka yake mwenyewe alisema sawa tu, mimi ni nani wa kupindua. Nikamwambia, "Wifi, kaka yako ukimkanyaga mguu atakwambia sawa tu. Wewe umekua naye, ulipaswa kulijua hilo kuliko mimi."

Nilidhani amekata simu. Kumbe analia.

Akaniambia alitaka siku moja tu kaka yake akae mbele. Kwamba tangu baba yao afariki ni kaka aliyewasomesha wote, yeye Ndeshi na wadogo zake, kwa bahasha za bakshishi alizokuwa anapewa na wageni, na hakuna siku hata moja watu walisimama wakampigia makofi. Alitaka ukumbi mzima uvae nguo moja, usimame, umpigie makofi, na ndafu akatiwe yeye kipande cha kwanza. Alisema, "Mimi sikuiba balkoni yake, wifi. Nilitaka aonekane."

Sikuwahi kuliwaza kwa namna hiyo, na ninajua anasema kweli. Ada ya chuo cha ualimu cha Ndeshi ilitoka kwenye hizo bahasha, nilizihesabu mimi. Nilimwambia nimemwelewa. Nilimwambia pia kwamba bado nina hasira, na nitakuwa nayo mpaka wiki ijayo, asinisalimie kwanza. Mtu hapigiwi makofi kwa kunyang'anywa kitu kimoja alichoomba. Kama anataka kaka yake apigiwe makofi, aje hapa nyumbani Jumapili baada ya ibada na hao wadogo zake, waje na mbuzi wao, wampigie hapo kibarazani, sare hazitakiwi. Akasema ataona. Najua atakuja. Najua pia atakuja na MC.

Aika naye kaandika: "Mama, ungetushirikisha kwanza." Nilikaa na ujumbe huo muda mrefu, nimefungua, nimefunga. Mwishowe nikamjibu maneno yaleyale, kwamba nanyi mngetushirikisha kwanza. Hajajibu. Aika ni mtoto mzuri, anatuma kila mwezi bila kukumbushwa, na sijui ni wapi alijifunza kwamba kumpenda mzazi ni kumpunguzia gharama. Labda kwangu, na uzi wangu wa kuokota. Hilo nitaliwaza siku nyingine nikiwa sina hasira.

Sasa hivi nimekaa jikoni karibu na jiko la mkaa, ndipo penye joto. Shati la zambarau liko mapajani, mikono nimeshaishona, imebaki kola na vifungo. Ni sare ya mtu mmoja. Nimekuwa nikishona na kuandika kwa zamu.

Baba Aika nilimwambia wakati wa chakula kwamba chumba kimerudi cha balkoni. Nilitegemea atasema neno lake. Alimega ugali, akala, akanawa, akakaa pale kwenye kigoda upande wa pili wa jiko akiota moto, na kwa muda mrefu nikafikiri labda nimemwudhi, kwamba nimemgombanisha na dada yake kwa ajili ya viti viwili na kimeza. Nikaanza hata kujiuliza kama hasira yote hii ni yake au ni yangu tu ninambebesha yeye.

Kisha akauliza, bila kunitazama, "Huo mlango wenyewe ni wa kuvuta au ni wa kusukuma pembeni?"

Nikamwambia sijui. Nikafungua simu, tukatazama picha pamoja, yeye na miwani yake.

"Wa kusukuma pembeni," akasema. "Huwa una komeo dogo huku chini, lazima ulibonyeze kwanza ndipo usukume. Wageni walikuwa wanahangaika nalo sana. Nimewafungulia wengi."

Nikakata uzi kwa meno. Nikamwambia safari hii akishaufungua, asiage. Atoke akae.

Aliitazama ile picha mpaka simu ikajizima yenyewe mkononi mwake. Akanirudishia.

"Sawa tu," akasema, na safari hii alikuwa anacheka.